Muda Upo, Nafasi Haipo

Mwanafunzi wa Litein au Sotik hukutana mapema na kundi la misemo ya Kiingereza inayohusu wingi wa wakati. Hufundishwa kuandika "plenty of time" katika insha, "ample time" katika barua rasmi, "take your time" katika mazungumzo, na baadaye, akizidi kusoma, "time to spare", "time on your hands" na "all the time in the world". Kamusi humwambia kwamba karibu yote maana yake ni moja: kuwa na muda wa kutosha. Kwa mtihani, jibu hilo linafaa. Hata hivyo misemo hii ina picha moja inayoiunganisha, nayo ni kwamba wakati ni kitu. Mtu anacho au hana, ni kingi au kidogo, hutumiwa, huwekwa akiba, hubaki mikononi. Mmarekani Benjamin Franklin alipoandika mwaka 1748 kwamba wakati ni pesa, aliitamka waziwazi picha ambayo wenzake walikuwa tayari wanaiishi. Hoja yangu ni kwamba picha hiyo, ikihamishwa kama ilivyo hadi katika Kiswahili cha vilima vya chai vya Kericho na Bomet, hutuficha jambo ambalo Kiswahili kimelijua siku nyingi: mtu anaweza kuwa na saa tele na bado asiwe na nafasi.

Katika Kiswahili, mtu anayetaka msaada wa mwenzake humwuliza, "Una nafasi?" Huku bara siku hizi utasikia pia "uko na time?" na "uko free?", lakini neno nafasi halijang'oka. Lilitoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa pumzi. Wasaa nalo ni upana, hali ya kitu kisichobana. Faragha ni utupu, hali ya kutoshikwa na shughuli, ingawa leo tumeisogeza zaidi upande wa usiri. Ukiongeza neno la Kibantu pumzika, ambalo limechipuka kwenye pumzi, unaona jambo la kupendeza: maneno yaliyovuka bahari na neno lililokuwapo nyumbani yamekutana penye picha ile ile. Mwenye wakati wa kutosha ni yule anayeweza kuvuta pumzi bila kubanwa. Ndiyo maana neno moja tu linatosha kutaja kiti kisichokaliwa ndani ya matatu, mwanya kati ya michai miwili, kazi inayosubiri mtu wa kuajiriwa, ruhusa ya kusema mkutanoni, na alasiri isiyo na shughuli.

Vitenzi vinavyoandamana na maneno haya vinaeleza zaidi. Katika Kiswahili kazi ndiyo inayochukua muda. Mtu hupata nafasi. Ujenzi wa nyumba ulichukua mwaka, na mwenye nyumba hakupata nafasi ya kwenda kuwaona wakwe. Kwa hiyo mtangazaji wa redio anapomwambia msikilizaji "chukua muda wako", akiwa ameufasiri msemo wa Kiingereza neno kwa neno, anamtwika mtu kitendo ambacho kwa kawaida ni cha kazi. Aliyekulia ndani ya lugha angesema "usiwe na haraka", au "taratibu tu", au "fanya kwa nafasi yako". Tazama pia jinsi tunavyosema kuokoa muda, na wengi wetu tunasema hivyo kila siku. Lakini alasiri yako ya mapumziko hatusemi umeiokoa. Nafasi hupatikana, hukosekana, huachwa, hutolewa, hunyimwa. Karibu kila kitenzi hapo kina mtu mwingine aliyesimama pembeni, kwa maana yuko anayetoa na yuko anayenyima. Mtu aliye peke yake jangwani anaweza kuambiwa ana muda wote wa dunia. Nafasi huulizwa mbele ya watu na shughuli zao.

Lipeleke swali hili shambani sasa. Chai huchumwa kwa mzunguko: kichaka kilichochumwa leo hurudiwa baada ya siku 7 hadi 14, kutegemea mvua, joto na mwinuko. Kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Mzunguko ukirefuka, jani hukomaa na kuwa gumu, na karani wa kituo cha kununulia majani hulikataa. Kwa kutazama kalenda peke yake, mkulima mwenye eka moja huko Konoin anaonekana kuwa na wakati tele, kwa sababu akichuma leo ana zaidi ya wiki moja mbele yake. Lakini mikono ya nyumbani haiwezi kumaliza eka nzima kwa siku moja. Shamba hugawanywa vipande, na kipande cha mwisho kinapokwisha kile cha kwanza kimeshachipua tena. Juu ya hayo kuna mvua ya mawe, ambayo katika vilima hivi si mgeni, na ambayo kwa dakika chache hugeuza mpango wa wiki mbili kuwa karatasi tupu.

Jani likishakatwa halingoji. Likishindiliwa kwenye gunia hupata joto lake lenyewe, likawa jekundu, likapoteza thamani. Ndiyo sababu mifuko inayotakiwa ni ya kupitisha hewa, na ndiyo sababu majani hupaswa kufika kiwandani siku ile ile, kiwe Momul, Kapkoros, Mogogosiek au kwingineko, yakanyaushwe kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, kabla ya kusagwa. Mama aliyefika kituoni saa nane mchana anaweza kukaa hapo hadi jioni akingoja lori lililokwama kwenye barabara ya udongo. Saa hizo tatu au nne, kwa Kiingereza cha kitabuni, ni wakati uliomjaa mikononi. Na kweli mikono yake haina kazi ya kuonekana. Lakini hawezi kwenda sokoni, hawezi kumpeleka mtoto zahanati, hawezi kujilaza, kwa sababu majani yanataka kufunuliwa na kugeuzwa yasichemke, na zamu yake kwenye mizani inaweza kufika dakika yoyote. Ukimwuliza kama ana muda, atakwambia muda upo. Ukimwuliza kama ana nafasi, atakwambia hana. Majibu yote mawili ni ya kweli, na lugha inayoweza kuyatenga kwa maneno mawili mafupi ina mali ambayo hatupaswi kuitupa kwa kuona haya ya kutojua Kiingereza.

Wakipsigis, ambao nchi hii ni yao, walikuwa na njia yao ya kutaja wakati, na bado wanaibeba katika majina. Kipkorir na Chepkorir ni waliozaliwa karibu na mapambazuko. Kipngetich na Chepngetich walizaliwa ng'ombe wakitoka kwenda malishoni, Kibet na Chebet mchana, Kiprotich na Cherotich ng'ombe wakirudi, Kiprono na Cherono mbuzi na kondoo wakirejea jioni, Kiplangat na Chelangat giza likianza kuingia, na Kipkemoi na Chepkemoi usiku. Daftari la mahudhurio la darasa lolote huko Bomet ni saa ya ukutani inayosomeka kwa sauti. Katika saa hiyo kila kipindi kinajulikana kwa kinachotendeka: nani anatoka, nani anarudi, mifugo iko wapi. Hakuna anayeweza kuweka akiba ya kurudi kwa ng'ombe, wala kumkopesha jirani machweo yake. Mwenye nafasi katika nchi ya namna hiyo ni yule ambaye jambo lake limekwisha na linalofuata halijafika. Saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu kunapokucha, si ndugu wa mbali sana wa mpango huo.

Hesabu ya aina nyingine ilikuja na mashamba makubwa. Kampuni za Uingereza zilipoanza kupanda chai kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920, zilikuta serikali ya kikoloni imeshajenga vyombo vya kuhesabu nguvu za Mwafrika. Kulikuwa na kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha Mwafrika, na katika mashamba ya walowezi kulikuwa na mkataba wa tikiti uliohesabu siku 30 za kazi. Siku ambayo mtu hakufanya kazi, kwa mvua, ugonjwa au msiba, haikuandikwa. Kalenda ya tikiti haikutembea na mwezi wa angani. Mwezi wa tikiti ulikwisha pale tu mwajiri alipopata siku zake. Kwa upande mwingine ardhi ilikuwa ikipungua. Ardhi ya Wakipsigis ilichukuliwa kwa ajili ya walowezi na mashamba ya chai, na mwaka 1934 serikali iliwaondoa watu wa ukoo wa Talai ikawapeleka Gwassi, upande wa Ziwa Victoria. Hapa ndipo neno letu linaposhika mambo mawili kwa mkono mmoja. Mfugaji mwenye malisho mapana angeweza kuketi na wazee alasiri nzima, kwa kuwa ng'ombe wake walikuwa na mahali pa kula. Aliyenyang'anywa malisho alilazimika kuuza siku zake apate kodi ya serikali. Aliyekosa nafasi ya ardhi alikosa nafasi ya wakati, na Kiswahili hakihitaji sentensi mbili kusema hivyo.

Sura ya karibuni ya jambo hili ni mashine za kuchumia chai. Hoja ya kuzileta imesemwa kwa lugha ya akiba: mashine huokoa muda na gharama. Sina sababu ya kuikana hesabu hiyo, maana mashine moja yenye watu wachache hufanya kazi ya wachumaji wengi wa mikono. Ninachouliza ni huo muda uliookolewa umewekwa kwenye kapu la nani. Kitu kinachookolewa kina mwenyewe, na katika mashamba yanayolipa kwa kilo mwenyewe si mchumaji. Yeye aliyekuwa akilipwa kwa kila kilo alipata siku nzima zisizo na kazi, na hakuna mtu Kericho angeziita siku hizo nafasi. Mei 2023, watu wenye hasira walichoma mashine za kuchumia chai katika mashamba ya Kericho. Kuchoma mali ni kosa, na sina utetezi wa kosa hilo. Lakini anayetaka kuelewa hasira ile asiishie kwenye neno ajira. Kumwondolea mtu kazi bila kumwachia cha kufanya ni kumpa muda kwa wingi na kumnyima nafasi kwa mkupuo mmoja.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba haya ni maneno tu, na kwamba mwenye njaa halishwi kwa kubadilishiwa neno. Ni kweli. Lakini maneno haya haya ndiyo yanayoingia katika sheria, na huko uzito wake hupimika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kuwa na muda na nyenzo za kutosha ili kuandaa utetezi wake. Walioiandika walijua kwamba muda peke yake ni kitu kikavu: mahabusu aliyepewa miezi sita bila karatasi, bila wakili na bila maelezo ya mashtaka hajapewa kitu. Waliongeza nyenzo, na muda ukiunganishwa na nyenzo ndio hasa Mswahili anaouita nafasi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo imeweka angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Hizo ni tarakimu, na tarakimu zina faida yake, kwa sababu mfanyakazi anaweza kuzidai mahakamani. Lakini siku ya mapumziko ambayo mchumaji anaitumia kutafuta maji, kuni na unga wa wiki nzima imetimiza sheria bila kumpa pumzi.

Eneo ambalo tofauti hii inaumiza zaidi ni ushirikishwaji wa wananchi. Viongozi wetu wanapenda sana kusema kwamba wananchi walipewa "ample time" kutoa maoni. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na ikasisitiza kwamba ushirikishwaji uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza utaratibu tu. Msingi huo unazifunga kaunti zote, Kericho na Bomet zikiwamo. Tangazo linaweza kutoka wiki mbili mapema, gazetini na redioni, na kwa hesabu ya siku likawa halina kasoro. Kama mkutano wenyewe umewekwa saa nne asubuhi katikati ya wiki, msimu majani yamefurika, aliyealikwa kwa kweli ni mtu asiye na kikapu mgongoni. Anayepanga mkutano kwa kuuliza "wana muda kiasi gani?" atahesabu siku za tangazo. Anayeuliza "watapata nafasi lini?" atalazimika kujua lori hupita saa ngapi.

Kuna pingamizi zito zaidi, linalotoka kwa wanafalsafa. John Mbiti, mwana wa Ukambani, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba fikra ya Kiafrika kuhusu wakati ina sehemu mbili kuu, na akachagua maneno ya Kiswahili kuziita: sasa na zamani. Wakati ujao wa mbali, alisema, karibu haupo. Wengi walimpinga, na nadhani walikuwa na haki. Mkulima anayepanda mche wa chai huku akijua atangoja miaka kadhaa kabla ya kuchuma vizuri, na kwamba kichaka hicho kitawafaa wajukuu wake, hawezi kuambiwa kwamba hana wakati ujao. Hata hivyo Mbiti aliona jambo moja ambalo wapinzani wake wanalipita kwa haraka: mtu aliyeketi bila kazi ya kuonekana hapotezi wakati lazima, huenda anangojea tukio ambalo ndilo litakaloufanya wakati kuwa wakati. Mama wa kituoni ni mtu huyo hasa. Ndiyo maana ile dhihaka ya "saa za Kiafrika", kwamba sisi ni watu wasiojali muda, haisimami katika nchi ya chai. Hapa hata methali tunayoikariri, kwamba haraka haraka haina baraka, hugonga mwamba, kwa kuwa jani halijui baraka ya polepole. Watu hawa wanaijua haraka kuliko karani yeyote wa mjini. Walichokosa ni mamlaka juu ya kungoja kwao.

Wala nisieleweke kuwa nakishtaki Kiingereza. Lugha hiyo nayo ina neno la pumzi, "breathing space", na ina "leisure", ambalo kupitia Kifaransa cha kale limetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuruhusiwa. Wahenga wa Kiingereza basi walijua kwamba mwenye starehe ya wakati ni aliyepata ruhusa. Hata neno letu shule, tulilolipata kwa Wajerumani, ukilifuata hadi Ugiriki ya kale unakuta maana ya wakati usio na kazi, jambo ambalo wanafunzi wa sasa watapata taabu kuliamini. Kwa hiyo picha ya wakati kama mali si damu ya Waingereza. Ni picha iliyopata nguvu palipokuwa na saa ya kiwanda na mshahara, na ikatufikia sisi ikiwa tayari imevaa sare. Kosa la mwalimu anayefundisha misemo hii kama visawe ni kwamba anawanyima watoto nafasi ya kuona kuwa "time on your hands" ni malalamiko ya mtu asiye na la kufanya, "take your time" ni ruhusa kutoka kwa mwenye uwezo wa kuharakisha, na "ample time" ni kipimo cha afisa. Fasiri ya kwanza iwe ya upweke na uvivu wa kulazimishwa, ya pili iwe "usiwe na haraka", na ya tatu ndiyo pekee inayostahili "muda wa kutosha".

Nakubali kwamba nafasi ni neno lenye mikono mingi, na barua ya serikali inayosema "mpewe nafasi" bila tarehe ni mlango wa ujanja. Tarehe na saa ziandikwe, na muda utajwe kwa siku. Tena nafasi yenyewe ina bei, na wenye chai wanaijua bei hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Kila baada ya miaka mitatu au minne mchai hupogolewa, hukatwa hadi ukabaki vijiti, na kwa miezi kadhaa hautoi jani la kupeleka kituoni. Huo ndio wakati pekee ambao shamba humwachia mwenyewe pumzi kamili: hakuna mzunguko, hakuna lori, hakuna mizani. Wala hakuna malipo ya mwezi. Wakulima wengi, kwa sababu hiyo, hupogoa kipande kimoja kwa mwaka na kuendelea kuchuma vilivyobaki, na matawi yaliyokatwa huyaacha chini ya vichaka yaoze.